Mi ni mchapakazi kweli au nilibebwa tu? Swali kuhusu uvivu

Ua_la_Jioni:

Wakuu habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo ila nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Nina binamu yangu, mtoto wa mjomba, tumepishana miezi minne tu. Tuliingia chuo mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza wote wawili tulizembea, na nasema tulizembea bila kuficha, madarasani hatuingii, kazi tunakopi za wenzetu usiku wa mwisho, matokeo yalipotoka kila mmoja kafeli masomo manne. Sasa hapo ndo njia zikaachana. Mimi baba alininunia kama wiki hivi halafu akalipa ada nirudie mwaka, mama akanitafutia mwalimu wa kunisaidia jioni, na maneno ya nyumbani yakawa mtoto bado anajitafuta, hajazoea mazingira. Yeye mjomba hakuwa na hela ya kulipa mara ya pili, akaishia palepale, akarudi nyumbani, na tangu siku ile kwenye ukoo wetu anajulikana kama yule mvivu aliyechezea bahati.

Miaka saba imepita. Mi nina kazi ya ofisini, naamka saa moja na nusu, nikichelewa nusu saa hakuna wa kuniuliza, nikiamka kichwa kizito naandika ujumbe tu kwamba leo nafanyia kazi nyumbani na ukweli siku kama hizo inafika saa sita mchana sijagusa kitu. Kazi za ndani kuna mtu tunamlipa anafanya. Yeye alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anabeba mizigo ghalani mchana kutwa, usiku analinda mahali, analala masaa manne au matano basi. Mwezi uliopita kaachishwa ghalani kwa kuchelewa mara tatu, na barua imeandikwa mvivu, hana nidhamu. Kikao cha familia kikaitishwa. Kila aliyesimama alimsema, halafu wakawa wananitolea mfano mimi, "si umwangalie mwenzio". Nikanyamaza. Hilo ndo linanikosesha usingizi, kwamba nilikaa pale nikapokea sifa huku najua kabisa kati yetu nani anafanya kazi zaidi.

Swali langu ni hili, uvivu ni tabia ya mtu au ni jina tunalompa asiye na wa kumkinga? Na mimi niliyekingwa nina haki ya kujiita mchapakazi?

Jembe_la_Mkono:

Dada pole, ila mimi ntaongea tofauti kidogo na najua humu kuna watakaonishukia.

Uvivu upo. Mi nimelelewa na mama peke yake, tuko sita, hakuna aliyekuwa na wa kumlipia kitu mara ya pili. Katika sita wanne tumesimama, wawili hawajasimama, na hao wawili nimelala nao kitanda kimoja, najua walichokuwa wanafanya na walichokuwa hawafanyi. Tulipata shida ileile. Mtu akija kuniambia kila kitu ni nafasi uliyozaliwa nayo mi nasikia ananinyang'anya miaka yangu, zile asubuhi nilizoamka sitaki na nikaamka. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini hawakuwa wajinga.

Binamu yako nampa pole kwa sasa, huyo si mvivu, mtu wa kazi mbili huwezi kumwita hivyo. Lakini ule mwaka wa kwanza wa chuo alizembea, umesema mwenyewe. Na yeye tofauti na wewe alijua kabisa hakuna mara ya pili. Asiye na mwavuli ndo anatakiwa kuangalia mawingu.

Nesi_wa_Usiku:

@Jembe_la_Mkono kaka nakuelewa na jasho lako hakuna wa kulifuta, ila hiyo sentensi yako ya mwisho irudie uisome taratibu. Maana yake maskini anatakiwa awe mtu mzima akiwa na miaka kumi na tisa na mwenye nacho anaruhusiwa kuwa mtoto mpaka ishirini na tano. Kosa ni lilelile, umri uleule, mmoja kasamehewa. Na hiyo methali ya jua na kivuli ni nzuri lakini wapo wengi wamekaa kivulini hawajawahi kuliona jua, kivuli walikikuta.

Mi nataka kuongea kitu kinachohusu kazi yangu kwa sababu naona watu wengi wanaitwa wavivu mbele yangu na mimi naona karatasi zao za vipimo.

Kuna kisa kimoja cha kweli kabisa ambacho kila ninapofundisha wanafunzi wapya nawasimulia. Kusini mwa Marekani miaka ya 1800 mwishoni watu maskini wa kule, weupe na weusi, walikuwa wanasifika nchi nzima kwa uvivu. Rangi zimepauka, wamelegea, watoto wanasinzia darasani, mtu anaanza kulima anakaa chini. Walichorwa hivyo, walichekwa hivyo, ikaonekana ndo asili yao. Mwaka 1902 mtaalamu mmoja wa wadudu na minyoo, Charles Stiles, akaonyesha kwamba wengi wao wana safura. Yaani minyoo. Ule mnyoo unaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, mtu akikanyaga peku udongo wenye kinyesi, unasafiri na damu, unapita kwenye mapafu, unaishia kwenye utumbo, unang'ata pale na kunyonya damu miaka na miaka. Mtu anaishiwa damu taratibu, na mtu asiye na damu ya kutosha hata kupanda ngazi ni mlima. Magazeti yakauita kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 Rockefeller, yule tajiri wa mafuta wa Marekani, akatoa pesa za kampeni, ikaenda mpaka 1914 kwenye majimbo 11, na walipopima watoto wakakuta kama 40 kwa 100 wanao. Wakatibu, wakafundisha kuchimba vyoo na kuvaa viatu, na baadaye wachumi walipofuatilia takwimu wakaona maeneo yaliyokuwa na minyoo mingi ndiyo mahudhurio ya shule yalipanda zaidi baada ya pale.

Sasa fikiria babu wa mtu alikufa akiitwa mvivu. Alikosa viatu na choo tu. Na aliyemwita mvivu alikuwa amevaa viatu, hakujua kama viatu vyake ndo bidii yake.

Safura mpaka leo ipo, inashika mamia ya mamilioni ya watu duniani. Achana na safura, kuna tezi la shingo likizembea mtu analala masaa kumi na bado kachoka, kuna sonona, kuna mtu kila usiku pumzi inakatika usingizini hajui. Mwenye bima na muda anakwenda kupimwa anaambiwa ni ugonjwa. Asiye navyo hajapimwa, basi yeye ni mvivu. Hilo mi naliona kila wiki na linaniumiza sana.

Kalamu_Butu:

Nesi kamaliza ila naongeza cha historia, kwa sababu hili jina mvivu lina wenyewe na lina kazi yake.

Mwaka 1851 daktari mmoja wa jimbo la Louisiana, Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kabisa kwenye jarida la udaktari kwamba watumwa weusi wana ugonjwa unaowafanya wawe wazito, wafanye kazi hovyo, waharibu vifaa. Kaupa na jina la Kilatini. Na tiba yake? Kumwosha, kumpaka mafuta, kuyapiga mafuta yaingie mwilini kwa mkanda mpana wa ngozi, halafu kazi ngumu juani. Mtu amefanywa mali ya mwenzie, halipwi hata senti, akitega kazi inatafutwa sababu ndani ya damu yake. Na aliyekuwa amekaa barazani bila kushika jembe maisha yake yote haikuandikwa popote kwamba anaumwa uvivu.

Ikaja zamu ya makoloni. Syed Hussein Alatas, mwanasosholojia wa Malaysia, mwaka 1977 alitoa uchambuzi wa jinsi wakoloni walivyowaita wavivu watu wa Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), Java (kisiwa cha Indonesia) na Ufilipino, na alichokigundua ni rahisi ukishaambiwa. Mtu alikuwa na shamba lake, anavua samaki wake, anajenga nyumba yake. Hakutaka kwenda kubeba zege kwenye mashamba makubwa ya mgeni. Kutokutaka kumtajirisha mwingine ndo ikaitwa uvivu. Na huku Afrika kodi ya kichwa na ya nyumba iliwekwa ilipwe kwa sarafu, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa hiyohiyo, mtu aondoke shambani kwake akatafute hiyo sarafu kwa mwajiri.

Kwa hiyo ukisikia mtu anaitwa mvivu uliza kwanza, anayesema alitaka afanyiwe nini?

Ndo maana dada nakwambia ile barua ya ghalani isikusumbue sana. Bosi alitaka mtu saa kumi na mbili kamili, akakuta mtu aliyetoka kulinda usiku. Angeweza kuandika "amechelewa mara tatu", ingetosha, na ingekuwa kweli. Neno mvivu aliliongeza ili asiulize kwa nini.

Jembe_la_Mkono:

@Kalamu_Butu hayo ya watumwa hakuna binadamu atakayebisha. Lakini unachukua mambo ya miaka 170 iliyopita unamfunika nayo kijana wa leo anayeshinda na simu kitandani. Mi nawaajiri vijana wanne. Mmoja namlipa sawa na wenzake, anakaa jirani na kazi kuliko wote, mzima wa afya, na kila siku nikigeuka amekaa. Huyo naye ni minyoo?

Mama_wa_Wawili:

Kaka Jembe huyo anaweza akawa mvivu tu, sawa, hakuna aliyesema wavivu hawapo duniani. Mi nauliza, huyo kijana angekuwa mtoto wako wewe mwenye kazi ungemfanya nini? Ungemwachisha au ungemweka chini umuulize mwanangu una nini? Tofauti ya hayo mawili ndo mada ya dada.

Na mbona hamjagusa nyumbani. Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi, tunarudi kwa kupishana saa moja. Akirudi akijinyoosha kwenye kochi ni amechoka, muacheni baba apumzike. Mimi nikijinyoosha kwenye kochi hilohilo mama mkwe anapita mara mbili anaangalia jikoni. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilitoa hesabu kwamba kazi za matunzo zisizolipwa, kulea, kupika, kufua, kuuguza wazee, wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya masaa yote. Robo tatu na zaidi! Na mwanamke wa hivyo ukimuuliza unafanya kazi gani anajibu mwenyewe kwa mdomo wake sina kazi, nipo tu nyumbani. Nipo tu. Masaa kumi na nne kwa miguu halafu nipo tu.

Pumziko nalo ni mali jamani. Wapo wenye ruhusa nalo na wapo wanaoliiba.

Swahiba_wa_Kweli:

Nimesoma saikolojia kidogo, nijaribu kumjibu dada kwenye lile la tabia au nafasi, kwa sababu mi naona yote mawili ila hayako sawa uzito.

Kuna majaribio maarufu ya mwanasaikolojia Walter Mischel pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60. Mtoto mdogo anawekewa pipi, anaambiwa ukisubiri nirudi nakupa mbili. Baadaye ikasemekana waliosubiri ndo waliofaulu maisha, na dunia nzima ikashika hapo, kwamba siri ni kujizuia. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wakarudia kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina mbalimbali, wakakuta uhusiano upo lakini mdogo kuliko ule wa mwanzo, na ukishaweka kwenye hesabu kipato cha nyumbani, elimu ya mama na mengine ya namna hiyo unapungua sana. Lakini mi linalonigusa zaidi ni la Celeste Kidd na wenzake, 2013. Dogo sana, watoto 28 tu, ila sikilizeni. Kabla ya jaribio nusu ya watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea, mtu mzima akaenda akarudi navyo. Nusu nyingine wakaahidiwa hivyohivyo, mtu mzima akarudi mikono mitupu, samahani hatuna. Halafu ndo ikaletwa pipi. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3.

Sasa mtoto wa dakika 3 ana kosa gani? Kapiga hesabu yake vizuri tu. Kafundishwa na mambo yaliyomtokea kwamba kusubiri hakulipi. Na mtu aliyekua kwenye nyumba ambayo ahadi zinavunjika kila mwezi, si kwa ubaya, kwa ukosefu tu, huwezi kumtegemea akiingia chuo aamini kwamba kusoma leo kutamlipa baada ya miaka minne. Wewe dada uliamini kwa sababu kwenu vitu vilivyosemwa vilitokea. Hata ulipozembea ulizembea ukiwa unaamini.

Halafu kuna kosa ambalo wanasaikolojia wamelipa jina tangu 1977, Lee Ross ndo alilibatiza, kwamba mwenzako akikosea unamsoma tabia, hali iliyomzunguka huioni. Nikichelewa mimi ni foleni, akichelewa yeye ni mzembe. Tunafanya wote, hata mimi, jana tu nimemfanyia mdogo wangu.

@Jembe_la_Mkono kaka, katika wale ndugu zako wawili ambao hawajasimama, ni wa ngapi kuzaliwa? Nauliza kwa heshima kabisa, si kwa kukutega.

Jembe_la_Mkono:

Wa kwanza na wa tatu.

Wa kwanza aliacha shule darasa la sita kutulea. Mama alikuwa anatoka usiku anarudi usiku.

Nimeandika hiyo nikaifuta mara mbili, sikutaka kuiweka hapa. Wa tatu nashikilia msimamo wangu, huyo alikuwa anakimbia kazi tangu mdogo. Lakini kaka mkubwa ni kweli, sisi wanne tulisoma kwa sababu yeye alibaki na vitoto. Na mi huwa namhesabu na yule wa tatu kapu moja. Hata leo nimemhesabu hivyo hapo juu bila kufikiria.

Nesi_wa_Usiku:

Ahsante kwa kuliandika kaka yangu. Si rahisi.

Dada Ua, kuhusu haki ya kujiita mchapakazi, mi sioni kama unatakiwa ujitukane. Ule mwaka wa kurudia ulisoma wewe, baba yako alilipa ada hakukufanyia mitihani. Tatizo langu na wewe ni moja tu, ulinyamaza kwenye kikao. Kuona aibu usiku peke yako hakumsaidii binamu yako hata kidogo, yeye yuko lindoni anasinzia na jina lake lile bado liko palepale.

Ua_la_Jioni:

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. @Nesi_wa_Usiku hilo la mwisho limenifikia dada.

Jana usiku nimeandika kwenye grupu la familia. Sikuandika mengi. Nimesema mwaka ule wote wawili tulifeli masomo manne, mimi na yeye sawasawa, mimi nililipiwa nikarudia yeye hakulipiwa, na kwamba ningekuwa mtoto wa mjomba sasa hivi ningekuwa naitwa mimi mvivu. Nikasema pia nilikosea kunyamaza siku ya kikao. Mama hajafurahi, kanipigia kusema namdhalilisha mjomba mbele za watu, na nimekaa nikalifikiria hilo, labda ningempigia mjomba kwanza, hapo nimekosea. Shangazi mkubwa kasoma hajajibu. Mjomba kaandika neno moja tu, ahsante.

Binamu yangu kanipigia alfajiri saa kumi na robo, yuko njiani. Hakugusia ya grupu kabisa. Ameuliza kama najua chuo kinachopokea watu wa masomo ya jioni, na kama yale masomo aliyofaulu mwaka ule, maana kufeli yalikuwa manne ila mengine alifaulu, bado yanahesabika au miaka saba inafuta kila kitu. Sikuwa na jibu. Ada nimeshapiga hesabu naweza kuanza naye. Kwa hiyo swali langu jipya kwenu ndo hilo la binamu.

Kalamu_Butu:

Vyuo vinatofautiana, vingine vinaweka kikomo cha miaka na vingine vinapokea ukilinganisha mtaala wa zamani na wa sasa. Aanzie ofisi ya usajili ya chuo chake cha zamani, aombe hati ya matokeo iliyogongwa muhuri pamoja na maelezo ya kila somo alilofundishwa wakati ule, si ya sasa, kwa sababu chuo kipya watalinganisha hayo. Kama alibaki na deni lolote la ada walipe kwanza, wengi hawatoi hati ukiwa unadaiwa. Na aende mchana siku ambayo halindi usiku wake, foleni za usajili zinachosha.